Vakansi kubwa Fizi na Baraka: kazi za mikono kwa watoto, bila kungoja mradi

Nyuma ya proklamasyo, mwanzo wa mwezi wa saba, mtoto anaweka kaye zake pembeni na hazigusi tena mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa. Ni miezi miwili mizima. Kwenyi miji mikubwa, mzazi mwenye uwezo anaandikisha mtoto kwenyi kambi ya likizo na analipa. Kwetu Baraka, Mboko, Lusenda, Fizi-Centre ama Kazimia, vakansi ina sura ingine. Mtoto mmoja anaenda shamba na mama yake. Mwingine anauza maji ya sashe sokoni. Mwingine anashinda pwani akisubiri mitumbwi ya ndagala, na kule Misisi kuna wanaoshuka kwenyi mashimo ya dhahabu. Na yule asiye na kazi yoyote ndiye tunayemuona jioni akizunguka karibu na watu wenye silaha, leo anatumwa sigara, kesho anatumwa maji, kesho kutwa harudi nyumbani.

Juu ya huyo wa mwisho ndiyo tunaandika makala hii. Tunataka kueleza namna mtaa mmoja, shule, kanisa ama msikiti, unaweza kushika watoto masaa mawili kwa siku kwa kazi za sanaa: kuchora, kufinyanga, kusuka, kutengeneza magari ya waya, kuimba, kuigiza. Vifaa karibu vyote viko hapa hapa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima mwenye uvumilivu, na wazazi wanaokubali kumwachia mtoto.

Tuseme pia wazi kwamba hatuwahukumu wazazi wanaotuma watoto kazini. Bugali haianguki kutoka mbinguni, na kwa familia iliyokimbia vita mkono wa mtoto ni mkono. Ndiyo maana tunasema masaa mawili, hatusemi siku nzima. Mtoto anaweza kwenda shamba asubuhi, akarudi, akala, na kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja akawa kwenyi kivuli cha mwembe na wenzake.

Si mpira peke yake?

Mpira ni mzuri, hatuna ugomvi nao. Lakini angalia uwanja wowote wa Baraka saa kumi jioni: vijana ishirini na wawili wanakimbia, watoto wadogo wanaangalia, wasichana wamebeba bido za maji wanapita pembeni. Mtoto mwenye mguu mbaya anakaa chini. Kwenyi udongo na rangi wote wanaingia, hata msichana mwenye mdogo wake mgongoni. Na huyo usimrudishe nyumbani eti mtoto atasumbua. Mpe mdogo donge la udongo, dada yake afanye kazi.

Wazazi wengi wanauliza: "Hiyo itamuletea nini mwanangu? Si banacheza tu?" Swali ni la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto, wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliridhia mwaka 1990 wakati ikiitwa Zaire, unasema kwenyi kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza, na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa. Lakini kifungu hakimshibishi mzazi, basi tumjibu kwa vitu vya kawaida. Mtoto anayekata karto kwa kipimo anafanya hesabu bila kujua. Anayeeleza hadithi mbele ya wenzake anajifunza kusimama na kusema, kitu ambacho watu wazima wengi kinawashinda. Anayefunga waya mpaka gari litembee bila kwenda upande anajifunza kurudia kazi iliyoharibika. Fundi wa kushona, fundi wa mbao, fundi wa pikipiki, wote walianza na mikono iliyozoea kushika vitu.

Kuna jibu lingine, nalo ni zito zaidi. Watoto wengi wa hapa wameona mambo. Wako waliotoka milimani usiku, wako waliokuja kutoka Uvira ama Bukavu, wako waliozaliwa kambini Lusenda ama Mulongwe wa wazazi Warundi waliokimbia tangu mwaka 2015. Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kueleza yale. Mkono wake wakati mwingine unayo.

Sisi si wa kwanza. Mwaka 1942, wakati wa vita vya pili vya dunia, mchoraji mmoja mwanamke, Friedl Dicker-Brandeis, alifungwa na Wajerumani kwenyi kituo cha Terezín, katika nchi ambayo leo ni Ucheki. Watoto wa Kiyahudi walijaa mle. Yeye akaanza kuwafundisha kuchora kwa siri, kwenyi makaratasi yaliyotupwa ya ofisi. Hakuwaambia wachore mateso. Aliwaacha wachore maua, meza ya nyumbani, vipepeo, barabara waliyoikumbuka. Kila mtoto alitakiwa aandike jina lake kwenyi mchoro, juu kule ndani walikuwa wamegeuzwa namba. Mwezi wa kumi mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na watoto wengi waliuawa pia. Lakini michoro karibu 4,500 ilifichwa ndani ya masanduku, na leo iko kwenyi jumba la makumbusho la Wayahudi mjini Praha. Tunaitaja hapa kwa sababu ya jambo dogo moja ambalo kila animatera anaweza kulichukua: mtoto wa vita halazimishwi kuchora vita, na jina lake linaandikwa kwenyi kazi yake.

Vifaa viko mlangoni

Tuanze na gundi, maana bila gundi kazi nyingi zinasimama. Usinunue kole dukani. Chukua kijiko kimoja kikubwa cha unga wa muhogo, ule ule wa bugali, ukoroge ndani ya nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha kikombe kimoja cha maji, mimina ule uji pole pole huku ukikoroga, mpaka ugeuke mzito na kung'aa. Ikipoa, tayari. Inashika karatasi, karto na kitambaa vizuri sana. Haikai zaidi ya siku mbili, ya tatu inaanza kunuka. Usiku ifunike, juu panya na mende nao wanaipenda.

Rangi nazo. Nyeusi ni makaa yaliyosagwa. Nyekundu na kahawia ni udongo wenyewe: ukitembea kutoka pwani ya Baraka kupanda kwenda Fizi-Centre utakutana na rangi tatu, nne za udongo kwenyi kingo za barabara. Nyeupe ni pemba, ule udongo mweupe ambao mama wajawazito wanautafuna. Njano ni manjano ya sokoni. Kijani ni majani ya sombe ama matembele yaliyotwangwa na kukamuliwa, lakini itafifia siku chache tu ikipigwa na jua. Bluu ndiyo ngumu kupata. Kama kiduka cha jirani kina bluu ya kufulia, kidogo tu inatosha watoto thelathini. Udongo unatwangwa, unachujwa kwa kitambaa chepesi, kisha unachanganywa na ile gundi ya muhogo iliyoongezwa maji. Bila gundi, rangi ikikauka inaanguka kama vumbi. Mawese yanavutia macho lakini usiyatie: yanalowesha karatasi na hayakauki.

Vitu viwili tunavikataza kabisa. Cha kwanza ni unga mweusi wa ndani ya mawe ya redio na torchi. Tunajua shule nyingi za vijijini zinapaka ubao kwa unga ule, na watoto wanatumwa kuvunja mawe. Ndani mna sumu, na mtoto anaweka vidole mdomoni kila dakika. Makaa yanatosha. Cha pili ni chokaa ya kujengea, inachoma macho.

Burashi si shida. Kata kijiti kibichi, tafuna ncha yake kama mswaki, umepata burashi. Unyoya wa kuku unachora mistari mizuri. Kipande cha musi ya matela iliyochakaa kinapaka sehemu kubwa. Na kidole chenyewe ni burashi: Bela, mchoraji wa Lubumbashi aliyekuwa kwenyi karakana aliyoifungua Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, alipaka rangi kwa vidole vyake tu, na kazi zake zikafika Ulaya. Mwenzake wa karakana ile ile, Pilipili Mulongoy, alijulikana kwa samaki, ndege na nyoka. Mtoto wa pwani ya Tanganyika anayejua kutofautisha mukeke na kuhe hana sababu ya kuogopa kuchora samaki.

Karatasi ndiyo wazazi wanayoogopea, juu kaye ni pesa. Hakuna haja ya kugusa kaye mpya. Kaye za mwaka uliopita zina kurasa nyeupe mwishoni. Kalenda ya zamani ina mgongo mweupe. Karto za sabuni na biskwiti zinapatikana sokoni bure ama kwa franga kidogo. Mfuko wa simenti una tabaka kadhaa, na zile za ndani ni imara kupita karatasi ya dukani. Lakini mtu mzima ndiye aufungue na kuukung'uta mbali na watoto, vumbi lile ni baya kwa macho na kifua. Tena kumbuka Tshibumba Kanda-Matulu, yule mchoraji wa Katanga ambaye miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yetu, picha karibu 100, tangu zamani za wafalme mpaka Lumumba na Mobutu. Alichora kwenyi kitambaa cha mifuko ya unga. Na Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza na rangi za kupaka baiskeli juu ya vibao vya ujenzi. Alifariki mwaka 1972, lakini leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Kama hata karto imekosekana, kuna mchanga wa pwani. Unachora kwa kijiti, unafuta kwa mkono, unaanza tena. Kwa mtoto anayeogopa kuharibu, hakuna mwalimu mzuri kama mchanga.

Kazi moja tunaipendekeza kwa nguvu zote: mji wa karto. Bodys Isek Kingelez, mtu wa Kinshasa aliyeishi kuanzia 1948 mpaka 2015, alijenga miji mizima kwa karatasi, karto, vifuniko na maganda ya bidhaa. Majumba marefu, viwanja, hoteli, barabara, yote madogo ya kuweka mezani. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilionyesha kazi zake. Sasa wagawe watoto makundi, kila kundi lijenge sehemu moja ya Baraka: soko, bandari, hospitali, daraja la Mutambala, kanisa, shule, mtaa wao. Kazi itachukua wiki mbili na hawatachoka. Halafu waulize nyumba zikae wapi. Miaka hii tumeona maji ya Ziwa Tanganyika yakipanda mpaka yakaingia ndani ya nyumba za watu pwani, na watoto wanakumbuka. Utasikia mazungumzo ambayo hata kwenyi mikutano ya wakubwa hayasikiki sana: nani ahame, njia ipite wapi, choo kikae mbali na maji namna gani. Wengine watajenga ghorofa kumi na mbili pale Mwandiga. Waache wajenge.

Udongo wa kufinyanga unatafutwa kando ya mito, pale maji yanapopungua kiangazi. Wa kweli unaujua hivi: ukiuviringisha uwe kama mkia wa panya na kuuzungusha kwenyi kidole, haukatiki. Toa mawe na mizizi, ukande kama unga wa mikate, ufunike kwa kitambaa chenye maji. Waambie watoto ukuta wa chungu ama tumbo la ng'ombe lisizidi unene wa kidole gumba, na kazi ikauke kivulini siku nyingi. Ikianikwa juani inapasuka siku hiyo hiyo, na mtoto analia. Kuchoma ni kazi ya wakubwa, tena siku isiyo na upepo, maana kiangazi kusi inavuma na nyumba za majani zinawaka haraka.

Magari ya waya na mikebe watoto wa hapa wanayajua kupita sisi. Magurudumu ni kandambili zilizochakaa, mikanda ni shambrea ya baiskeli. Animatera asijifanye mwalimu hapa. Atafute kijana wa miaka kumi na mitano anayejulikana mtaani kwa magari yake, ampe heshima ya kufundisha. Kwa fundi wa kushona kuna vipande vya vitenge vinavyotupwa kila jioni: vinafaa kwa midoli, na kwa picha za kubandika juu ya karto.

Mtoto akichora bunduki

Itatokea, tena siku ya kwanza ama ya pili. Mtoto atachora watu wenye bunduki, nyumba inayowaka, mtu amelala chini. Mtu mzima anashtuka. Mmoja anamkaripia, "Chora vitu vizuri!" Mwingine anafanya kosa lililo kinyume: anamuuliza maswali kama polisi. Nani alikufa? Ulikuwa wapi? Walivaa nguo gani?

Njia iliyo salama ni fupi. Kaa chini karibu naye, mwambie: "Nielezee mchoro wako, kama unapenda." Akisema, sikiliza. Akinyamaza, sawa, mwache aendelee. Usimsahihishe, usimwambie alie wala asilie. Kesho yake mpe tena karatasi na uhuru wa kuchagua. Watoto wengi wanachora jambo lile lile mara nyingi, halafu siku moja kwenyi kona ya karatasi unaona mti, ama mbuzi. Usiseme kitu, utaona tu.

Kuchora si dawa ya kila kitu. Kama wiki zinapita na mtoto halali usiku, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, hasemi na mtu, ama anajiumiza, zungumza na mzazi wake kwa siri na mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, muulize mhudumu wa mambo ya kisaikolojia. Na mchoro wake haupigwi picha kwa simu, hautumwi kwenyi WhatsApp, hauonyeshwi wageni wanaokuja na gari. Eneo letu linajuana. Mchoro wa kofia fulani ama nyumba fulani unaweza kuletea familia matatizo makubwa.

Kuhusu bunduki za kuchezea tuna msimamo mkali. Mtoto akishika kijiti na kusema "pa pa pa" usimpige, ni mchezo wa dunia nzima. Lakini hatutengenezi bunduki za mbao, wala hatupaki rangi nguo za kijeshi kwa ajili ya maigizo. Kwenyi eneo lenye vikundi vya silaha, mtu mwenye woga anaweza kuona kivuli cha bunduki mikononi mwa kijana wa miaka kumi na minne, na hataangalia mara mbili. Vilevile kutafuta vyuma porini ama kwenyi nyumba zilizoachwa hapana, hata kama ni ganda la risasi linalong'aa. Tunajua yupo Freddy Tsimba wa Kinshasa anayejenga sanamu kubwa kwa maganda ya risasi, na kazi yake inasifiwa. Yeye ni mtu mzima, anajua anachookota. Mtoto hajui kutofautisha ganda tupu na kitu kitakacholipuka. Akiona chuma asichokijua asiguse, aweke alama mbali kidogo, arudi na njia aliyopitia, aite mtu mzima.

Wazee wana nini?

Wengi wetu tumekuwa tukidhani sanaa inatoka Kinshasa ama inaletwa na wazungu. Nenda kwenyi jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, utakuta kazi za mikono ya babu zetu ndani ya vioo. Vinyago vya Wabembe vya chama cha Alunga, vyenye nyuso mbili na macho makubwa yaliyochimbwa ndani, vinatafutwa na wenye pesa Ulaya na Marekani. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya kazi kwa Wabembe na Walega katikati ya karne iliyopita, aliandika mengi juu yake. Hatusemi watoto wachonge kinyago cha Alunga. Kile kilikuwa na siri zake na watu wake, na wazee wengine bado hawapendi kitajwe ovyo. Uliza kwanza. Lakini mzee anayekataa kuzungumzia kinyago hatakataa kuonyesha namna ya kuchonga mwiko, kusuka kikapo, kufunga mtego wa ndege, kutengeneza likembe.

Wavuvi nao ni walimu tunaowasahau. Ndagala zinavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, basi kwa siku kadhaa kila mwezi wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Hizo ndizo siku za kumwomba papa mmoja akae na watoto masaa mawili, na sindano yake ya nyavu. Fundo la wavu likishaingia mikononi, mtoto anaweza kutengeneza mfuko wa soko, wavu wa goli, kitanda cha kubembea. Wasichana wafundishwe pia, hata kama mtu atacheka.

Hadithi ni kazi ya nyanya. Jioni mbili kwa wiki zinatosha. Nyanya mmoja aeleze kwa Kibembe, mwingine kwa Kifuliiru ama Kibuyu, mwingine kwa Kirundi ama Kinyamulenge, mtoto mkubwa atafsiri kwa Kiswahili. Siku inayofuata watoto wachore hadithi ile, ama waiigize. Hapa tunagusa jambo ambalo watu wa Fizi wanalijua bila kuambiwa. Watoto wa jamii hizi wanasikia nyumbani maneno makali juu ya jamii zingine. Hatudai kwamba mchoro mmoja utamaliza ugomvi wa miaka mingi. Lakini mtoto aliyecheka kwa hadithi ya sungura ya nyanya wa mwenzake amepata kitu cha kujibia. Mzazi akikataa mtoto wake asikae na wale, usimlazimishe mbele ya watu. Mwendee nyumbani, na umwalike aje kuangalia.

Warundi wa Lusenda na Mulongwe wanazo ngoma zao. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kwenyi orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na ina sheria zake: mwaka 2017 amri ya rais wa nchi ile iliwakataza wanawake kuipiga. Wazee wao waulizwe mbele ya kuanza. Kama jibu ni hapana kwa wasichana, kuna mikebe, bido tupu na chupa za plastiki zenye mahindi ndani, na hizo hazina amri ya rais.

Saa, mahali, na swali la franga

Mahali pawe wazi, panapoonekana na wapita njia: uwanja wa shule, kivuli cha kanisa. Pasiwe karibu na kambi ya askari ama barie, wala ukingoni mwa ziwa. Watu wazima wawe wawili kila siku, mmoja wao mwanamke, na asiwepo mtu wa kubaki na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, hata awe nani. Shefu wa mtaa ajue, na wazazi wajue majina ya waanimatera. Akija mgeni na kaye, anaandika majina ya watoto na kuahidi mambo, mpelekeni kwa shefu kwanza.

Maji ya kunawa na sabuni, ama majivu, yawepo tangu dakika ya kwanza. Kipindupindu hakitoki kwetu, na udongo unakamatwa na mikono thelathini. Maji ya kuchanganya udongo na rangi yasiwe yale ya kunywa ya watoto, na kopo la burashi liwekwe alama, maana mtoto mwenye kiu hachagui.

Kuhusu saa, waulizeni wasichana, msiwaulize wavulana. Wavulana wako huru saa yoyote. Kama kazi inaanza saa ambayo wasichana wanachota maji, mtajikuta na wavulana watupu, halafu mtasema eti wasichana hawapendi sanaa.

Pesa: tunasikia mahali pengine mtoto anaombwa franga kila wiki ili aingie. Tunaelewa, animatera naye anakula. Lakini pesa hiyo, hata ikiwa ndogo, inamfungia nje mtoto yule yule tuliyemtaja mwanzo, yule anayetumwa sigara. Afadhali mzazi mwenye uwezo alete muhogo, makaa, karto, ama alishe waanimatera zamu kwa zamu. Na mkianza bila mradi, msiseme kwa watoto kwamba mradi utakuja. Watangojea biskwiti, zikikosekana wataondoka.

Watoto ishirini mpaka thelathini kwa watu wazima wawili, si zaidi. Wakija mia moja, gawanyeni siku.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane onyesheni kazi zote: kamba imefungwa kati ya miti miwili, michoro imening'inizwa, mji wa karto katikati. Wazazi waje, na walimu wa mwaka mpya waje pia, wajue mikono ya watoto watakaowapokea. Tunashauri msitoe zawadi kwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Shule ina nafasi za kutosha za kupanga watoto hivyo. Kila mtoto asimame kando ya kazi yake aieleze kwa sentensi mbili, kwa lugha anayotaka. Wale wa hadithi na nyimbo wanaweza kuletwa redioni wawili wawili, pamoja na mzazi, wakiwa wamefanya mazoezi, juu mbele ya mikrofoni hata mtu mzima anasahau jina lake.

Kila mmoja arudi nyumbani na kazi yake. Vyungu na ng'ombe wa udongo ambao haukuchomwa, kama vimevunjika, virudishwe ndani ya bido iliyokatwa, vilowekwe maji na kufunikwa. Vakansi ya Noeli udongo huo utakuwa umelainika vizuri kupita mwanzo.